Je, Anayehama ni Mtu wa Mshahara?

Somo: Yohana 10:11–13, Matendo 20:17–38, 2 Timotheo 4:11



Jumapili mbili zilizopita, baada ya tangazo kusomwa kwamba mwezi wa Desemba nitahamishiwa tawi lingine, mama mmoja wa kanisa letu alinisimamisha pale karibu na tangi la maji. Hakunipongeza wala hakunipa pole. Alinishika mkono akauliza, "Pasta, mwanangu, hii ni kanisa ya ngapi?" Nikamwambia hii ni ya tatu, na huko ninakokwenda itakuwa ya nne. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Na miembe, unapanda lini?"

Nilicheka, naye akacheka. Lakini nyinyi watu wa Matiliku mnajua hesabu ya mwembe. Hata ule wa kupandikiza unataka miaka mitatu hivi ndipo uanze kukupa kitu cha maana, na mimi sijawahi kufikisha miaka mitatu mahali popote. Nilienda nyumbani na hilo swali, na mpaka leo halijatoka.

Ndani ya swali la Mwaitu kuna swali kubwa zaidi. Katika Yohana 10 Bwana Yesu anamtofautisha mchungaji mwema na mtu wa mshahara, ambaye kondoo si wake. Wengi wetu tukisoma pale tunasikia hivi: anayekaa ndiye mchungaji, anayehama ni mtu wa mshahara. Na mimi sina pa kujificha. Napokea posho, na nahama. Je, kuhamahama kwenyewe ni ukosefu wa uaminifu?

Kilichonisaidia kufikiri juu ya jambo hili kimetoka mahali ambapo wazee wengine hawatapapenda, yaani mpira wa miguu. Mnivumilie.

Vijana wanamjua Robert Matano. Kwa wale wasiomjua, ni kocha wa hapa kwetu Kenya ambaye waandishi wa habari humwita Simba, na sifa yake kubwa ni ukali. Amefundisha Sofapaka, Tusker, Ulinzi Stars, AFC Leopards, na orodha bado inaendelea. Kuna timu amefundisha, akaondoka, akarudi. Katika kazi hiyo kupigwa kalamu ni sehemu ya mwaka, kama kiangazi kwetu. Timu ikipoteza mechi nne mfululizo, wenye timu hawawezi kuwafuta wachezaji wote, kwa hivyo wanamfuta mtu mmoja. Mimi nilisomea biashara chuoni, na hesabu hiyo naielewa vizuri kuliko ninavyopenda kukiri. Ukibadilisha mtu mmoja gharama ni ndogo, na watu wanaona kwamba umefanya kitu.

Sasa kuna jambo ambalo huenda wengi humu kanisani hawalijui. Sofapaka ilianza kama timu ya kanisa, jijini Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, chini ya Elly Kalekwa, mfanyabiashara mwenye asili ya Kongo. Jina lenyewe limefupishwa kutoka kwa maneno ya Kiswahili ambayo maana yake ni kwamba sote, kama familia, kwa pamoja tunalifuata azimio la Kristo. Mashabiki wanawaita Batoto ba Mungu. Mwaka 2009, msimu wao wa kwanza kabisa katika Ligi Kuu, hao Batoto ba Mungu wakachukua ubingwa. Ndiyo kwanza wamepanda daraja, na tayari wamewaacha nyuma wakongwe kama Gor Mahia. Aliyekuwa kwenye benchi ni Matano.

Kama sisi ndio tungeandika hadithi hiyo, tungeishia hapo. Mtumishi amepata kundi la Mungu, Bwana amethibitisha kazi yake, basi akae azeeke hapo. Lakini mwaka 2012 tunamkuta Tusker, na ligi ile ikaenda mpaka siku ya mwisho ya msimu ndipo Tusker wakatawazwa mabingwa, yeye akiwa kocha.

Najua jina hilo linavyosikika ndani ya jarida la kanisa. Mzee mmoja niliyemsomea sehemu hii alinikatiza papo hapo. "Kutoka timu ya Mungu mpaka timu ya kampuni ya bia. Huko ni kupanda au kuanguka?" Nikamjibu kwa Danieli, kwamba alifanya kazi chini ya Nebukadneza, akamwona Belshaza, akaendelea chini ya Dario, na hakuna hata mmoja wa hao aliyekuwa mtu wa kanisa. Mzee akatabasamu. "Danieli alitekwa, pasta. Hakuandika barua ya kuomba kazi." Hapo alinifunga bao safi, na sikuwa na jibu. Suala la kazi gani Mkristo afanye na ipi aikatae tutalirudia siku nyingine. Leo nabaki kwenye kuhama.

Nikarudi Yohana 10 nikaisoma polepole. Nilichogundua ni kwamba Bwana hamlaumu yule mtu kwa sababu analipwa. Mahali pengine Yeye mwenyewe anasema mtenda kazi anastahili ujira wake. Wala hahesabu miaka aliyokaa. Anataja tukio moja tu, yaani mbwa mwitu kuja. Siku hiyo ndiyo mtu wa mshahara anajulikana, kwa sababu anaona hatari, anawaacha kondoo, anakimbia. Na sababu inayotolewa ni kwamba hawajali.

Kwa hivyo kuondoka peke yake hakutuambii mengi. Chukua Francis Kimanzi, jina ambalo hapa Ukambani halihitaji kuelezwa. Aliwapa Mathare United ubingwa wa ligi mwaka 2008. Harambee Stars alikabidhiwa mara tatu, na mara tatu akaondoka. Novemba 2019 vijana wake walitoka sare ya 1–1 na Misri, kule kwao Misri, Alexandria. Oktoba 2020 wakawapiga Zambia 2–1 hapa Nairobi, na kabla mwezi huo kuisha mikoba ilikuwa imeshaenda kwa Jacob Mulee, yule Ghost ambaye wengi wenu mmemzoea zaidi kwa sauti yake ya redioni asubuhi. Mtu anatoka kushinda mechi na bado anaacha kiti. Huwezi kusema alikimbia mbwa mwitu.

Na upande wa pili upo. Mtu anaweza kukaa mahali miaka ishirini na awe alishaondoka zamani. Mwili uko kwenye kiti, jina liko kwenye ubao wa tangazo, lakini akisikia fulani ni mgonjwa anasema "tutamwombea" na hainuki. Huyo amekimbia akiwa ameketi. Nawajua wachungaji wa namna hiyo, na nawajua wazazi wa namna hiyo pia, tena wanaolala nyumbani kila siku.

Basi kama dalili si miaka, ni nini? Hapa ndipo nataka niwapeleke msimu wa 2021/22.

Tusker walikuwa wamemwita Matano tena mwaka 2018. Msimu wa 2020/21 akawapa ubingwa. Msimu uliofuata Kakamega Homeboyz waliongoza ligi kwa muda mrefu, na hesabu ilipofungwa mwezi wa Juni 2022, baada ya mechi zote, Tusker na Homeboyz walikuwa na pointi sawa kabisa. Kombe likaenda kwa Tusker kwa tofauti ya mabao. Huo ulikuwa ubingwa wake wa nne.

Kwa wale msiofuata mpira, nieleze hiyo tofauti ya mabao. Ukishinda mechi unapata pointi tatu. Ukishinda moja bila ni tatu, ukishinda nne bila ni tatu zilezile. Sasa fikiria dakika ya 85, uko mbele mbili bila, jua linachoma, miguu imekwisha. Hakuna sababu ya kukimbilia mpira tena, kwa sababu hakuna atakayekuongezea chochote kwa bao la tatu. Linaandikwa tu. Na ukiwa wewe ndiwe unayefungwa, umeshapoteza mbili bila, watu wameanza kutoka uwanjani, hakuna atakayekulaumu ukiliacha la tatu liingie. Nalo linaandikwa tu. Miezi inapita. Halafu siku moja timu mbili zinalingana, kitabu kinafunguliwa, na yale mabao ambayo hakuna aliyeyashangilia, pamoja na yale ambayo beki fulani aliyazuia huku mechi imeshaisha, ndiyo yanayoamua.

Mtu wa hesabu kama mimi hawezi kuisoma sheria hiyo bila kutetemeka kidogo. Sitaki kumfanya Matano kuwa mtakatifu. Simjui, sijawahi kukutana naye. Lakini najua kwamba ubingwa wa namna hiyo haupatikani kwa mechi kubwa peke yake. Na thawabu yake? FIFA ilikuwa imeifungia Kenya mwezi wa Februari mwaka huohuo wa 2022, na marufuku haikuondolewa hadi Novemba, kwa hivyo mabingwa wetu hawakwenda mashindano ya Afrika. Wamepanda, wamevuna, ghala limefungwa. Msimu uliofuata alikuwa bado kwenye benchi lilelile, na Tusker wakamaliza wa pili nyuma ya Gor Mahia.

Sasa nije kwangu, kwa sababu hapa ndipo swali la Mwaitu liliponiumiza.

Katika moja ya makanisa niliyotumika kabla ya kuja hapa, nilikuwa mlezi wa vijana na ndiye niliyeshika kitabu cha chama chao. Ilikuwa ni akiba ndogo tu, shilingi mia moja, mia mbili kila wiki, lengo likiwa kununua viti na hema za kukodisha. Kitabu nilikianzisha mimi, kwa mistari mizuri, jinsi tulivyofunzwa chuoni. Barua ya uhamisho ilipofika nilibakiwa na miezi mitatu. Sikukosa ibada hata moja katika miezi hiyo. Nilihubiri, nikabatiza, nikapiga picha za kuaga. Lakini kitabu sikukigusa. Vijana walileta pesa, nikazipokea, nikazipeleka benki zote, nikawa najiambia nitaandika majina Jumamosi. Kila Jumamosi nilikuwa kwenye simu na watu wa kanisa jipya, tukipanga mambo ya huko.

Niliondoka. Aliyenifuata akafungua kitabu, akakuta kurasa nyeupe. Pesa zilikuwepo, shilingi 11,400, hakuna hata senti iliyopotea. Majina ndiyo hayakuwepo. Alilazimika kwenda nyumba kwa nyumba akiuliza nani alitoa nini, na mnajua inavyokuwa ukiuliza watu swali la namna hiyo kwa kumbukumbu peke yake. Jumla ya waliyosema ilizidi iliyokuwa benki. Binti mmoja aliyekuwa anataka akiba yake aongezee kwenye karo ya chuo aliambiwa asubiri. Alisubiri, akachoka, akaacha kuja kanisani.

Kwa muda mrefu nilijitetea kwamba sikuiba. Na ni kweli, sikuiba. Lakini mbwa mwitu hakuhitaji niibe. Alihitaji tu mimi niwe nimeshaondoka moyoni miezi mitatu kabla ya lori la kubebea vyombo kufika. Dakika ya 85 niliacha kukimbia, kwa sababu hakuna aliyekuwa akinitazama, na bao likaandikwa.

Mwezi wa Agosti mwaka huu nilipanda matatu nikaenda huko. Tulikaa chini ya mti na yule aliyenifuata, tukayapitia yale majina mpaka jioni. Tulifikisha shilingi 9,600. Zilizobaki hatukuweza kujua ni za nani. Yule binti nilimpigia simu. Aliipokea vizuri, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ni sawa, pasta." Mimi nimekaa na watu vya kutosha kuijua hiyo "ni sawa".

Sasa someni Matendo 20. Paulo hakukaa popote muda mrefu. Korintho mwaka mmoja na miezi sita, Efeso miaka mitatu kwa hesabu yake mwenyewe. Kwa kipimo cha miembe, hata yeye angeulizwa maswali. Lakini angalieni anavyoondoka. Akiwa Mileto, safarini, anawaita wazee wa Efeso waje, na anafanya kile ambacho sisi watu wa biashara tungekiita makabidhiano. Anawaeleza aliwafundisha nini na wapi. Anawaambia wazi kwamba hakutamani fedha ya mtu wala mavazi, na kwamba alijilisha kwa mikono yake. Anawaonya juu ya mbwa mwitu watakaoingia baada yake, yaani bado anawaza juu ya msimu ambao yeye hatakuwepo. Kisha wanapiga magoti, wanalia, wanamsindikiza mpaka merikebuni.

Marko naye alikuwa msaidizi, kama mimi. Aliwaacha Paulo na Barnaba njiani kule Pamfilia, na Paulo akakataa kabisa kusafiri naye tena, mpaka yeye na Barnaba wakaachana kwa sababu yake. Miaka ikapita. Kwenye barua ya pili kwa Timotheo, Paulo akiwa kifungoni, anaomba aletewe Marko, kwa kuwa anamfaa. Biblia haituambii Marko alifanya nini katikati hapo. Nimetafuta sana mstari huo, kwa sababu zangu binafsi.

Ndiyo maana jambo la Matano linalonigusa kuliko makombe ni kwamba Tusker walimwita tena. Mwajiri anaweza kukufuta kwa hasira za siku moja, lakini hakuna anayekuita mara ya pili kwa huruma. Lile kanisa langu la kitabu cheupe halijawahi kunialika hata kufungua mkutano wa vijana kwa maombi. Siwalaumu.

Na nyinyi washirika nisiwapitie. Kocha hafutwi na mwenye timu peke yake. Mara nyingi anafutwa na kelele za jukwaani. Mchungaji akihubiri Jumapili tatu bila moto, wa nne tunasikia familia fulani imeonekana kule ng'ambo ya soko kwa nabii mgeni. Wengine wenu mmehama makanisa mengi kuliko mimi, na hamkuwa mmetumwa na mtu. Huyo msaidizi atakayekuja Januari mtampima kwa mahubiri yake ya kwanza. Mpeni angalau mpaka mvua ya pili. Halafu, akikaa mkamchoka, mwambieni yeye kabla hamjaambiana nyinyi kwa nyinyi.

Lakini sijamaliza na miembe. Nilimweleza Mwaitu haya yote juzi nilipomtembelea, kuhusu Paulo na Mileto, na hata habari za mabao. Alisikiliza. Akasema kuna mambo ambayo anayehama hawezi kuyafanya hata akiondoka vizuri namna gani. Aliyemzika mumewe ndiye aliyewafungisha ndoa wanawe wawili, na ndiye angependa amzike yeye. Huyo hakuhitaji kuelezwa habari za nyumba hiyo, kwa sababu alikuwepo. Nilitaka kumjibu, halafu nikaona hakuna la kujibu. Ana haki. Kuna utumishi wa aina hiyo, mimi sijapewa, na sitajifanya kwamba mahubiri mazuri ya mgeni yanaziba pengo lake.

Alinipa maembe mawili mabichi niende nayo.

Zimebaki wiki kumi na moja. Kitabu cha viti na hema cha kanisa letu kimeandikwa mpaka Jumapili iliyopita, na nimemwomba mweka hazina akipitie bila mimi kuwepo. Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili kitakuwa mezani pale mlangoni, na kila Jumapili mpaka nitakapoondoka. Kila mmoja atafute jina lake. Wenye risiti waje nazo, na wale waliotoa pesa mkononi bila risiti waje pia, tukae tukumbushane.